Kateta ya Njano

"Huyu Mutanzania? Mishipa ya watoto ataiangalia tu." Ndivyo walivyosema manesi wenzangu niliporudi kutoka ukimbizini Tanzania na diploma yangu ya uuguzi, niliyoisomea huku nikilima mashamba ya watu. Ilikuwa wodi ya watoto, Bujumbura, miaka ya vita. Walikosea. Mshipa wa mtoto mimi huuona kwa kidole, hata nikifumba macho.

Kilichonichefua si maneno yao, ni kopo. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimekausha stoo, basi kateta zilizokwishatumika, vile vimirija vya plastiki vinavyoachwa mshipani, zililowekwa kwenye kopo la maziwa lenye klorini, kisha zikachomekwa kwa mtoto mwingine. Maji yalikuwa na rangi ya chai, na mabonge ya damu yakielea.

Asubuhi moja mama kutoka mtaa wa Bwiza alimleta bintiye wa mwaka mmoja, aliyezaliwa na tundu moyoni. Midomo ilikuwa ya bluu, na bila dawa ya mshipani asingemaliza siku. Kwetu mzazi ndiye aliyenunua vifaa. Mama akanipa kateta ya kijani, nene, ya watu wazima.

"Muuzaji alisema kubwa inaingiza dawa mingi."

"Mama, hii itampasua mshipa. Nataka ya njano, ile nyembamba."

"Ya njano apana iko, docteur. Nimezunguka soko yote."

Mkuu wa wodi akalisukuma kopo kwangu. "Chukua humu. We ni nani, profeseri?"

"Kunywa kwanza wewe," nilimjibu.

Nikakimbia wodi ya uzazi, nikamkopa mkunga kateta moja ya njano. Nilipoichomeka, mtoto akauvuta mkono, ikapinda, nakiri. Nikamkopa nesi wa chumba cha upasuaji nyingine. Kabla ya kuunganisha mpira wa dripu nilitoa kila kiputo cha hewa, maana kwa moyo wenye tundu kiputo kimoja chaweza kufika kwenye ubongo. Safari hii damu ilirudi mara moja ndani ya kateta, ishara kwamba nimeupata mshipa. Dawa ikaingia.

Mwezi uliofuata za njano zilionekana sokoni. Nikanunua mbili kwa mshahara wangu, kulipa deni. Nesi wa upasuaji alipokea yake. Mkunga aliigeuzageuza, akiangalia kama karatasi yake iliwahi kufunguliwa.

"Na yule mutoto?" akauliza.

"Yuko kwao. Anatambaa."

Hapo ndipo alipoitia mfukoni.