Reli ya Vita Juu ya Meza ya Maabara

Sijawahi kuona treni. Hata leo ninapoandika haya, treni kwangu ni kitu cha kwenye simu za watu. Garsen hakuna reli. Kinachofika hapa ni mabasi ya Malindi, malori ya ng'ombe na, mto ukifura, maji. Lakini mwaka jana nikiwa kidato cha pili nilijenga reli, mimi na wenzangu watatu wa klabu ya historia, juu ya meza mbovu ya maabara. Na ilikuwa reli ya vita.

Wazo lilikuwa la mwalimu wetu wa historia. Alikuwa bado mgeni, hajazoea joto letu, shati limelowa mgongoni tangu kipindi cha kwanza. Alituonyesha picha kwenye simu yake: Vita Vikuu vya Kwanza, upande huu wetu wa Afrika, na reli nyembamba kama ya kuchezea imelazwa mchangani. Juu yake kulikuwa na toroli lililojaa magunia. Injini hakuna. Wanaume wanne kifua wazi walikuwa wanalisukuma.

"Mbona wanasukuma?" mmoja wetu aliuliza.

"Injini zilikuwa chache," mwalimu alisema. "Watu walikuwa wengi, na hakuna aliyewauliza kama wanataka."

Akatueleza kwamba reli kama hizo zililazwa haraka na kung'olewa haraka, vita vilipohama nazo zikahama. Upana wake sentimita sitini tu. Alitupimia kwa mikono, akaiacha mikono hewani kidogo, na mimi nikaiona reli pale katikati. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Akasema tuijenge, watu waione.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa aibu. Si ile aibu ya adabu ambayo watu wazima huisifu. Yangu ni ya kulijua jibu halafu kumwomba Mungu mwalimu asinione. Maneno yangu mengi yako kwenye daftari ambalo mama anadhani ni la Kemia. Kwenye klabu nilikuwa na bahati moja: mwenzangu wa dawati. Tuliketi pamoja tangu kidato cha kwanza. Kwao ni Waorma, wafugaji, kwetu ni Wapokomo, wakulima wa kando ya mto. Wazazi wetu wanasalimiana vizuri sokoni, ingawa kila upande una mambo yake ya kusema ukishafunga mlango. Sisi dawatini hatukuwa na mlango.

Wengine wawili walikuwa wavulana wa mjini, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Baba yake yule mrefu ana bodaboda.

"Sasa usukani tunaweka wapi?" mrefu aliuliza siku ya kwanza.

Nilimnong'oneza mwenzangu. Naye akatangaza, "Anasema treni haina usukani."

"Haina? Na ikitaka kupinda?"

"Si inafuata reli, wewe! Kama ng'ombe na njia ya kwenda majini."

"Ng'ombe tena! Kila kitu kwako ni ng'ombe."

"Na kwako kila kitu ni bodaboda. Tulia, ushike koleo."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi nanong'ona, yeye anatangaza, wavulana wanabisha, halafu tunajenga. Reli zenyewe zilikuwa spoki za baiskeli tulizopewa na fundi wa karibu na stendi. Vile vijiti vinavyolala chini ya reli, ambavyo mwalimu aliviita mataruma, tulivichonga kutoka fito. Nilichonga pia kibao kidogo cha upana wa sentimita mbili, cha kupimia kila mahali kwamba spoki mbili hazijakaribiana wala kuachana. Hicho kibao nilikiweka mfukoni wiki nzima, sikukiacha hata nikienda msalani. Magurudumu yalitusumbua mpaka nilipogundua kwamba kifungo kikubwa kikigandishwa kwenye kifungo kidogo kinapata ule ukingo wa kukamata reli. Vifungo vikubwa nilivitoa kwenye sweta ya mama, vidogo kwenye shati langu la shule. Nilivaa pini siku nne.

Kazi ya kutengeneza ardhi ya reli niliichukua mimi. Nilijiona ndiye mwenye kazi hiyo, kwa sababu kwetu udongo tumeuzoea. Nilichota udongo mweusi wa kando ya mto, ule unaobaki mafuriko yakishuka, nikaukanda. Mwenzangu alikuja akaupima kwa vidole.

"Huu utapasuka," alisema. "Tia mavi ya ng'ombe na nyasi kavu. Mama yangu hufanya hivyo. Kwetu nyumba ni kazi ya wanawake, wanaume wanaingia kulala tu."

Wavulana walicheka mpaka mfupi akakaa chini. "Mavi ndani ya maabara! Wazazi watakuja pamoja na nzi!"

Mimi pia nilicheka. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Sikuona lina kichekesho, ila wote walikuwa wanacheka.

"Haya," mwenzangu alisema. "Nyinyi ndio mafundi."

Kwetu nyumba hukandikwa mara mbili. Udongo wa kwanza unaachwa upasuke, halafu wa pili unaziba nyufa. Kwa hiyo nyufa hazikunitisha, nilijua nitaziba. Ijumaa jioni nilitandaza udongo wangu mezani na, ukiwa bado mbichi, nikayakandamiza mataruma ndani yake na spoki zake juu, ili vishike. Nilipitisha kibao changu mzunguko mzima wa reli. Kilipita bila kugusa. Nilienda nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumatatu tulifungua maabara tukakuta meza imekuwa kama shamba la kiangazi. Nyufa za upana wa kidole. Udongo ulipojikunja ulivuta mataruma kila moja upande wake. Mahali pamoja kibao hakikuingia kabisa, na hatua mbili mbele kikatumbukia. Spoki moja ilikuwa imeinuka juu kama unywele wa mtu aliyetoka kulala.

Mwalimu alisimama mlangoni. "Nani alichanganya udongo huu?"

Mrefu alijibu kabla sijameza mate. "Si huyu wa mavi ya ng'ombe, mwalimu. Tulimwambia."

Hakuwa anadanganya. Ijumaa nilipotandaza udongo yeye hakuwepo, na kweli aliamini mavi yametiwa. Mwalimu akamtazama mwenzangu wa dawati, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, "Nilidhani tulikubaliana kufanya kazi kwa makini."

Mwenzangu hakujitetea. Alinigeukia mimi. Alinitazama kama mtu anayekushikia mlango upite. Mimi nikaitazama ile spoki.

"Sawa, mwalimu," alisema, akachukua mkoba wake.

Kuanzia siku hiyo hakurudi klabuni, na dawatini mkoba ule ukawa katikati yetu. Mwalimu alisema kama reli haitakuwa sawa kufikia Alhamisi ya wiki iliyofuata, tutabandika picha ukutani na mambo yaishe.

Nilijaribu peke yangu. Niliziba nyufa kwa udongo wa pili, kama kwetu. Zikapasuka palepale, na reli zikazidi kwenda kombo. Niliziba tena. Wavulana walikuja mara mbili, wakasimama, wakaondoka kucheza mpira. Mezani palikuwa kimya, na mimi ambaye napenda kimya nilikichukia.

Jioni moja nilimuuliza mama kwa nini kuta zetu hushika na meza yangu haishiki. Alikuwa anasafisha kambare, hakuinua kichwa.

"Wewe uliweka hizo reli lini?"

"Udongo ukiwa mbichi."

"Wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, umetundika picha ukutani kabla ukuta haujakauka, halafu unalia picha imeenda upande! Udongo wa kwanza unauacha ufanye vituko vyake vyote. Ndipo unaleta wa pili. Vitu vyako vinakuja mwisho." Akapitisha kisu. "Na ungetia mavi ya ng'ombe hata usingepasuka hivyo."

"Kuna mtu aliniambia."

"Nani?"

"Rafiki yangu."

"Basi mwite akusaidie."

Nilianza kukwangua udongo kwenye kucha zangu. Mama alinitazama kwa mara ya kwanza, akaona kitu usoni mwangu, akarudia kambare wake. "Haya, kaa na nyufa zako."

Ningeweza kumwendea mwalimu faraghani, nimwambie nje ya ofisi kwa sauti yangu ile ya panya. Usiku kitandani nilikuwa nimeshaamua hivyo. Lakini asubuhi niliona kwamba haitoshi, maana mwenzangu hakulaumiwa faraghani. Darasa zima lilishapata habari, na kuna waliokuwa wanaziba pua wakipita karibu naye.

Kipindi cha historia, mwalimu aliuliza, "Watu wa reli, mmefika wapi?"

Mrefu alitazama dari. Mwenzangu alitazama kitabu. Nilisimama. Kiti kikapiga kelele sakafuni na watu wakacheka hata kabla sijasema neno.

"Udongo nilichanganya mimi," nilisema. "Haukuwa na mavi ya ng'ombe. Yeye aliniambia nitie, nikakataa. Ndiyo maana ulipasuka."

Nilitaka kukaa. Ndipo mwenzangu, macho bado kitabuni, akasema, "Sema tena. Huko nyuma hawajasikia."

Nikasema tena. Mara ya pili sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, ikavunjika katikati, na bado nikamaliza. Niliongeza kwamba nilinyamaza alipolaumiwa, na kwamba niliogopa. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akamwambia mwenzangu mbele ya wote, "Nilikukosea. Nilipaswa kuuliza mara mbili." Mrefu naye alijikuna kisogo. "Sori, sista. Mimi nilijua ni wewe, aki."

Mwenzangu alifungua ukurasa mwingine. Mimi hakunitazama mpaka kengele ilipolia na watu wakatoka. Ndipo akauinua mkoba, akauvaa mgongoni.

"Ya asubuhi ndiyo mazuri," alisema. "Ya jana yamekauka."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anazungumzia mavi ya ng'ombe.

Kesho yake saa kumi na mbili unusu alikuwa ananisubiri karibu na mahali pa mnada wa mifugo, ana ndoo mbili. Mrefu alikuja bila kuitwa akabeba zote, na hakusema neno hata moja kuhusu nzi. Maabarani tuling'oa kila kitu. Mwenzangu alinionyesha namna ya kukanda kwa kisigino cha kiganja, nyasi zikatwe fupi, maji kidogo kidogo. Alinikosoa bila huruma. "Hapana, huo ni uji. Ongeza." Nilikuwa nastahili. Tulitandaza udongo wa kwanza, tukauacha. Joto la Garsen, ambalo kila mtu hulilaani, lilitufanyia kazi siku ile. Nyufa zilikuja chache, nyembamba kama nywele. Tukaleta udongo wa pili. Ulipokauka ndipo mataruma yakaja, na spoki, na kibao changu.

Kuhusu mota ya kuliendesha toroli tulibishana. Mfupi alikuwa ameileta kutoka kwenye gari la kuchezea la mdogo wake na alitaka injini yenye bomba la moshi. Niliwaambia, mimi mwenyewe, kwamba kwenye picha injini haikuwepo. Basi tuliificha mota na betri chini ya magunia ya toroli, na mwenzangu akafinyanga watu wanne wa udongo tukawagandisha nyuma. Ukiwasha, unaona watu wanasukuma mzigo, na mzigo unakwenda.

Alhamisi mwalimu alikuja akalitazama toroli likienda mzunguko mzima. "Picha za ukutani basi," alisema, akimaanisha hatutazihitaji.

Siku ya wazazi toroli lilizunguka mara sita na kuanguka mara mbili, mara zote kwenye kona moja. Mwenzangu alikuwa analirudisha kwa vidole, na mimi nilikuwa naeleza. Nilianza na macho chini kisha nikasahau. Baba mmoja aliuliza hawa watu wa udongo kama walirudi makwao vita vilipoisha. Nilimwambia wengine walirudi, na wengi hawakurudi. Akasimama pale mizunguko miwili zaidi.

Mama yake mwenzangu alikuja karibu na mwisho. Treni hakuitazama. Alibonyeza ardhi yetu kwa kidole gumba, akapitisha kiganja, akagonga, akainama kutazama kona ile. Kisha akamwambia binti yake maneno marefu kwa lugha yao, na binti akacheka mpaka akashika meza.

"Amesema nini?"

"Aa, hapana."

"Niambie!"

"Amesema hapa pote pamekandikwa vizuri, ila kona hii ilifanywa na mtu mwingine."

Ni kweli. Kona ile ilikuwa yangu.

Mama yake alinitazama, akaishika mikono yangu, akaigeuza juu chini kama mtu anayekagua kitu kabla ya kukichukua. Safari hii alisema kwa Kiswahili, polepole, ili nisipate kisingizio.

"Likizo tunajenga nyumba. Uje."

"Nitakuja, mama."

"Hiyo sketi ya shule uiache kwenu."