Ua la Baridi Barazani Sombetini

Mama mkwe wangu alishuka kutoka mlimani akiwa amekaa kiti cha mbele cha pikapu, kopo la rangi mapajani, na hakukubali mtu yeyote amsaidie kulibeba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea tangu apate kiharusi, lakini wa kulia ulilikumbatia lile kopo mpaka akafika barazani kwangu, Sombetini, akaliweka chini kando ya cherehani yangu. Ndipo akageuka kunitazama.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na mwenzangu."

Mwenzake alikuwa mmea ambao, kusema kweli, nilidhani umekufa. Ni aina ya kaktasi isiyo na miiba. Haina majani, ina vipande bapa vya kijani vilivyoungana kimoja kwa kimoja kama mnyororo, vikaning'inia pande zote za kopo. Safari ilikuwa imevichosha, vimesinyaa kama ngozi ya kidole kilichokaa sana majini. Yeye aliuita ua la baridi, kwa sababu kule kwao ulichanua kila ilipofika Juni na Julai, mawingu yanapoufunika mlima na watu wanapotembea wamejifunika mashuka.

Kuja kwake kwangu kulikuwa kumezua maneno. Mume wangu alifariki mwaka uliotangulia, na mama yake alipougua, wanawe walikaa kikao kuamua atunzwe wapi. Shemeji yangu mkubwa ana nyumba nzuri yenye vigae na chumba cha wageni. Nami ni fundi wa kushona sare za shule, mjane, katika nyumba ambayo mimi na marehemu tuliijenga wenyewe na upande mmoja bado haujapigwa plasta. Nilikwenda kwenye kikao kile kama mtu wa kupika chai. Nikamsikia shemeji akisema, "Mama atakuja kwangu, nafasi ipo."

Mama mkwe alikuwa na ulimi mzito wakati ule. Alikusanya maneno taratibu, kisha akasema, "Nitakwenda Sombetini."

"Kwa nani, mama?"

"Kwa mke wa mwanangu."

"Mama, mwanao hayupo tena."

"Najua. Mkewe yupo."

Niliweka birika chini. Mimi kwetu ni Singida. Kimeru nakisikia kuliko ninavyokisema, na tangu mazishi nilikuwa nikijiuliza kama katika ukoo ule bado mimi ni mtu wa mtu. Yule mama alinijibu mbele ya watu wote bila mimi kumuuliza.

Nilitaka apaone kwangu kama kwake. Nilijifunza kumpikia loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, japo ya kwanza aliila kwa heshima tu. Na mmea wake niliuhudumia kama mgonjwa wa pili. Niliuhamishia kwenye ndoo kubwa, nikajaza udongo mweusi na samadi ya ng'ombe iliyoiva, nikawa naumwagilia asubuhi na jioni. Nilivyolelewa mimi, mmea ukidhoofika unaupa mbolea na maji, basi. Singida tulikuwa tunalilia maji. Sikujua kama kuna mmea unaoweza kufa kwa kupewa.

Baridi ya kwanza ilipita bila ua hata moja. Baada yake vipande vikaanza kulegea na kudondoka. Jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Kondoa, hukaanga vitumbua asubuhi upande wa pili wa ukuta wetu mfupi. Aliniangalia nikimwagilia, akasema, "Jirani, huo mmea unakunywa kuliko ng'ombe."

Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa imeoza, myeusi, inanuka kama mtaro. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake akaitazama. Niliogopa. Kisha akaanza kunisimulia, nusu Kiswahili nusu Kimeru, juu ya siku alizokuwa binti akienda msituni kuokota kuni. Huko juu, alisema, kulikuwa na mimea ya namna hii ikining'inia kwenye matawi ya miti mikubwa kama nywele, yenye vitunda vyeupe vidogo, wala haikugusa ardhi.

"Ilikula nini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Sijui. Ukungu, labda. Na majani yaliyooza pale kwenye panda za mti."

Hakuna kati yetu aliyejua kama huu wake ni ndugu wa ile ya msituni. Lakini ulikuwa umekaribia kufa na hatukuwa na wazo lingine. Nilikata vipande vilivyokuwa bado vizima, nikavianika kivulini mpaka vidonda vikakauka. Nilikusanya majani makavu yaliyooza chini ya mparachichi, nikachanganya na vipande vya magome na yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, ambayo mafundi ujenzi wa hapa humwaga kila mahali. Udongo wenyewe nikatia kiasi kidogo tu. Tukavipanda kwenye kopo lile lile la rangi, lililokuwa limetobolewa matundu chini. Nikajizuia kumwagilia mpaka nishike udongo na kuona umekauka juu. Kujizuia kulikuwa kazi kuliko kumwagilia.

Ukapona. Mvua za masika zilipoisha, kila kipande kilikuwa kimetoa kingine, kijani kinachong'aa. Na katika miezi hiyo mama mkwe naye alikuwa akipona kidogo kidogo. Hospitali walimwambia autumie mkono wa kushoto hata kama haupendi, basi akajipa kazi ya kufuta vumbi la barabara kwenye vile vipande, kimoja kimoja, kwa kitambaa chenye maji. Mwanzo kitambaa kilikuwa kinamdondoka. Mimi nashona, yeye anafuta, na mara nyingine asubuhi nzima inapita tumesemezana mambo ya chumvi na sabuni tu. Nilikuwa sijawa na asubuhi za namna ile tangu nifiwe.

Siku moja ndipo aliponiambia ule mmea ulitoka wapi. Alipojifungua mume wangu, mkunga wa zahanati ya misheni alimvunjia kipande kutoka kwenye chungu kilichokuwa dirishani, akamwambia akipande, kikichanua amlete mtoto pamoja na ua, awaone wote wawili. "Kilichanua akiwa anatambaa," alisema. "Akang'ata ua." Tulicheka, kisha nikarudi kwenye kola niliyokuwa naishona na sikuona uzi.

Kwa hiyo baridi ya pili ilipofika, nilikuwa nasubiri kuliko yeye. Juni ikaingia, mlima ukapotea ndani ya mawingu, tukaanza kuvaa masweta mpaka saa tano. Mmea umenona, hauna kasoro. Ua hakuna.

Mama mkwe akaanza kusema maneno ambayo sikuyapenda. "Huku chini ni joto kwake," akasema siku moja. Siku nyingine, "Kuna vitu vikishahamishwa, basi." Na shemeji alipopiga simu kumsalimia, nikamsikia akimjibu, "Tutaona. Labda nimekaa hapa vya kutosha." Sikumuuliza. Nilikaa na lile neno tumboni wiki nzima, nikidhani nimemchosha, au loshoro yangu ni mbaya, au amemkumbuka mwanawe kwa kuniona mimi.

Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa natia uzi kwenye sindano ya cherehani niliposikia ananiita kwa sauti ya chini. Alikuwa amesimama nyuma ya nguzo ya baraza tulikouegemeza mmea, upande wa ukuta wa jirani, mkono wa kushoto umeingia katikati ya vipande.

"Njoo ushike hapa."

Nikashika. Kwenye ncha ya kipande kulikuwa na kitu kigumu kidogo. Nikainama. Tumba jekundu, dogo kama punje ya mchele. Pembeni yake lingine, na lingine tena. Upande ule wa nyuma ya nguzo, karibu kila ncha ilikuwa na tumba. Upande wa mbele, unaoelekea cherehani, hapakuwa na hata moja.

Tulisimama pale tukiuzunguka kama watu wanaokagua gari. Nikasema labda ni jua. Lakini upande ule wa nyuma haukupata jua kabisa. Mama mkwe akasema labda ni upepo. Jirani yangu akainua kichwa juu ya ukuta kuuliza kuna nini, tukamweleza, naye akatazama mmea, akatazama nguzo, kisha akatazama juu.

"Kivuli cha taa," akasema.

Taa ile shemeji aliniwekea baada ya mazishi. Wezi walikuwa wameingia nikiwa ibadani, wakachukua mtungi wa gesi na vitambaa vya wateja. Tangu hapo taa kali nyeupe iliwaka barazani tangu giza linapoingia mpaka kunakucha. Chini yake nilishona sare nyakati za jioni, na kwa sababu yake niliweza kulala. Mmea ulikaa moja kwa moja chini ya mwanga huo, isipokuwa sehemu iliyofichwa na nguzo. Sehemu iliyopata giza ndiyo iliyotia matumba.

"Kule kwangu hapakuwa na taa ya nje," mama mkwe akasema polepole. "Jua likizama, limezama."

Ningeweza kuuhamisha mmea uani. Nilisema hivyo, na nikaenda kuubeba. Mama mkwe akanishika kanga. Alikuwa ameona zamani, kwao, kwamba ukiusogeza ukiwa na matumba unayaangusha yote. Basi nikakaa kwenye kiti changu nikaitazama ile swichi. Sikutaka kuwaambia kwamba naogopa, lakini nadhani ilionekana.

"Mimi nalala chumba cha mbele," mama mkwe akasema. "Mwizi akija atanikuta mimi kwanza. Nitamsalimia mpaka achoke."

Jirani akacheka. "Nami alfajiri nimeshaamka, bibi. Nikiona mtu nitagonga bati la vitumbua mtaa mzima utoke."

Jioni ile nilihamishia cherehani sebuleni, na giza lilipoingia sikuwasha taa. Nilidhani nitakesha. Nilipofungua macho palikuwa pameshakucha na harufu ya vitumbua imejaa uani.

Mama mkwe naye alichelewa kuamka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nikampelekea chai, nikamkuta amekaa kitandani, uso umepumzika.

"Umelalaje, mama?"

"Nimelala," akasema. Akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Ile taa ilikuwa inaingia kwenye pazia. Nilikuwa najifunika kanga usoni."

"Siku zote hizo? Mbona hukuniambia?"

"Ilikuwa inakusaidia kulala. Ningekwambiaje?"

Niliketi ukingoni mwa kitanda chake. Nilikuwa nimehangaika nikidhani ni mimi ninayemtunza.

Upande wa mbele nao ukatia matumba kabla ya Julai kwisha, yamechelewa lakini yamejaa. Yale ya nyuma yalifunguka kwanza, asubuhi moja ya manyunyu: maua ya rangi ya waridi iliyokolea, petali zimepindia nyuma, yamening'inia kichwa chini kama yanayotaka kuruka. Baraza lote lililojaa vumbi na vipande vya nyuzi likaonekana limepambwa. Watoto wa jirani walikuja kuyatazama, na wateja wangu waliofuata sare walisimama wakasahau kulalamika kwamba sare hazijaisha. Mama mkwe alivaa kitenge chake cha kanisani siku ya katikati ya juma, akakaa kando ya mmea wake akipokea salamu.

Shemeji alikuja Jumamosi iliyofuata na gari lake. Nilijua kwa nini, maana ndiye aliyeahidiwa lile "tutaona." Nilimkaribisha, nikamwekea chai na vitumbua, nikakaa mbali kidogo na mazungumzo yao, kwenye kiti changu cha ushonaji, nikijifanya natafuta vifungo.

"Mama, chumba kiko tayari," akasema. "Mke wangu amebadilisha hata godoro."

Mama mkwe alimtazama mwanawe kwa upendo, hilo nililiona. "Mwambie asante sana," akasema, na maneno hayakumpa shida hata kidogo. "Mwambie aweke mgeni mwingine. Mimi nimeshafika."

Shemeji akanigeukia. Nilitarajia lawama, lakini akaniuliza tu, "Shemeji, hakusumbui?"

"Ananisumbua nisimwagilie maji," nikasema.

Akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu matanga tukakaa watu watatu tukaongea habari za marehemu bila mtu kuondoka kwenda kusimama nje. Wakati wa kuaga, mama mkwe alivunja kipande cha mmea kwa kukizungusha pale kwenye kiungo, kwa mkono ule ule wa kushoto, akamtilia mwanawe kwenye mfuko wa shati. Akamweleza habari ya majani yaliyooza na ya mawe mepesi, na kwamba akiweke mbali na taa. Shemeji alisikiliza yote ameinamisha kichwa kama mtoto anayetumwa dukani.

Alipoondoka, mama mkwe akaniomba nimletee mahindi ayachambue. Kesho yake, alisema, atanionyesha mwenyewe jinsi loshoro inavyopikwa, kwa sababu amevumilia vya kutosha.