Mkono wa Mnyapara

Nilipomaliza darasa la kumi nilikuwa na kamusi ya Kiingereza na miguu isiyotulia. Nikapanda lori la viazi kutoka Iringa, nikashuka Mbalizi, na siku ya nne nikasimama mbele ya Mwingereza mzee mwenye shamba la kahawa. Aliniuliza kwa lugha yake kama naweza ku-manage. Nikasema naweza. Akaniambia anasafiri wiki moja: akirudi akute kahawa imechumwa na kumenywa, unyapara mkuu ni wangu. Akikuta inaozea mitini, nitafute lori la kurudi kwetu.

Alipoondoka nikafungua kamusi. Neno lile lilikuwa na maana nyingi: kuongoza watu, kutunza mali, na pia kulimaliza jambo kwa shida hivyo hivyo. Chini, kwa herufi ndogo, walieleza asili yake. Lilitokana na neno la Kiitaliano la mkono, enzi za kufundisha farasi. Farasi sikuwahi kumgusa, lakini mikono nilikuwa nayo.

Asubuhi niliwapanga wachumaji wawili wawili kila mti, mrefu upande huu achume juu, mfupi upande ule achume chini. Niliona nimevumbua jambo. Mzee mmoja mrefu nikampa mwenzake, binti mfupi aliyeolewa karibuni. Binti aliinua macho, akamwona mzee kati ya matawi, akatupa kikapu, akajifunika kanga kichwani na kukimbilia nyuma ya banda la mashine ya kumenyea kahawa. Mzee naye akageuka akatazama mlima. Kazi ikasimama shamba zima.

"Kuna nyoka?" nikauliza.

"Heri nyoka," akajibu mke wa yule mzee. "Huyo ni mke wa mwanangu. Umemkutanisha na baba mkwe wake uso kwa uso."

Mimi Mhehe sikujua kwamba kwa Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, wala hawapishani njiani. Nikamhamisha mzee mstari wa mbali. Lakini kila alipokuja kumimina kikapu chake mashineni, binti alikimbia, na wenzake wakamsindikiza asikimbie peke yake. Siku mbili zikapita hivyo. Kahawa iliyoiva ikaanza kudondoka.

Siku ya tatu nikamfuata yule mama.

"Shikamoo, mama. Nimeshindwa."

"Marahaba. Umeshindwaje, na kitabu unacho?"

"Kitabu kinasema ni mkono."

"Mkono wa kufanya nini?"

"Kuongoza farasi."

Alicheka mpaka akaweka kikapu chini. "Mume wangu si farasi, ingawa kwa ukaidi wanalingana. Niachie shamba mpaka bwana wako arudi."

"Na mimi?"

"Wewe zungusha mashine. Mikono si unayo?"

Wanawake akawapeleka mlimani, wanaume mtoni. Akamwamuru mumewe apitie njia ya bwawani, na akikaribia mashine akohoe. Mzee alikohoa kikohozi cha kusikika Mbalizi. Binti akasikia, akajitenga bila haraka, wengine wakaendelea na kazi. Mimi nilizungusha mashine siku nne mpaka viganja vikachubuka.

Mwingereza aliporudi alikuta buni imeanikwa kwenye vichanja. Akaniuliza niliwezaje. Nilikusudia kumtaja mama. Badala yake nikanyoosha viganja. Akavitazama kwa heshima, akanipa unyapara na filimbi.

Jumatatu nikapuliza filimbi. Hakuna aliyetikisika, wote walimtazama yule mama. Akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Twendeni." Wakaenda, nami nikafuata nyuma.

Ilikuwa hivyo miezi minane, mpaka miguu ikaanza kuniwasha nikaondoka. Siku ya kuaga nilimwambia bwana ukweli wote, kisha nikampa mama ile filimbi. Aliigeuzageuza, akasema haina kazi kwake, akampa mumewe apulize akikaribia mashine, apumzishe kifua.