Mdomo wa Kipa

Dawa ya josho ina harufu inayoingia nguoni na haitoki hata ukifua mara tatu. Uwanja wetu wa mpira pale Gorong'a ulikuwa ubavuni mwa josho, hatua chache kutoka ule mfereji ambamo ng'ombe waliogeshwa, kwa hiyo kila nikikumbuka mpira ule ninakumbuka kwanza harufu: dawa, mavi mabichi ya ng'ombe, na majani yaliyokanyagwa asubuhi na mifugo na jioni na sisi. Majani yenyewe yalikuwa mafupi kuliko ya viwanja vingi vya leo, maana yalikatwa na meno. Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la tatu nikashika fimbo ya kuchunga, na kila nilicho nacho leo nimekipata kwa mikono hii. Ninayoyaandika hapa ninayajua, maana nilikuwa golini.

Nilifika golini kwa sababu ya ndama. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, nikalelewa na mdogo wake, Baba Mdogo Chacha, na kazi yangu nyumbani ilikuwa kusimama kwenye mlango wa zizi wakati wa kukamua, nizuie ndama wasikimbilie mama zao kabla ya zamu. Ndama mwenye njaa anakuja kwa nguvu na kwa hila, anakutazama kushoto kisha anapita kulia. Mimi sikuwa napitwa. Mwaka huo tulikuwa tumeletewa bwana mifugo mpya, mtu wa Songea anayeitwa Komba, mwembamba, mpole wa sauti, aliyetaka kila kitu kifanyike leo. Alipokuja kuchanja ng'ombe wetu aliniangalia pale mlangoni mpaka akasahau sindano mkononi. Wiki hiyo hiyo wazee walikuwa wamempa timu ya kata, kwa kuwa mwalimu wa zamani, mwenye duka mmoja mnene, alikuwa akipanga wachezaji kwa umri: wakubwa mbele, wadogo nyuma, na asiyependwa akawe kipa. Bwana Komba akasema kipa wake ni yule mtoto wa zizini. Watu wakacheka. Nilikuwa na miaka kama kumi na minne, sijatahiriwa, na kwetu Wakurya mvulana ambaye hajatahiriwa ni mtoto tu, hata awe na ndevu. Wenzangu kumi wote walikuwa wanaume wenye wake.

Na beki wa kati, mbele yangu kabisa, alikuwa Baba Mdogo Chacha. Mrefu, mabega kama nira, hakuna aliyeruka kichwa juu yake kutoka kwetu mpaka mpakani. Kijiji kilimpenda kwa mpira kuliko kwa jambo lingine lolote, maana nje ya mpira alikuwa mkali na mchache wa maneno. Mimi nilikula kwake, nilivaa alichonunua, na sikuwahi kumwambia neno lolote lisiloanza na heshima. Kumwamuru? Hata ndotoni.

Mechi yetu ya kwanza ya maana tulikwenda Kisaka, huko Serengeti, tukiwa nyuma ya lori la mahindi. Mshindi wa mashindano yale ya kata alikuwa anapewa dume la ng'ombe, na kila mtu aliyekuwa kwenye lori alikuwa tayari ameshaligawa dume hilo, huyu paja, huyu mbavu. Tulikuwa tumefungana moja moja. Karibu na mwisho nikamwona kijana wao wa kushoto, mwepesi kama swala, akizunguka taratibu nyuma ya mgongo wa Baba Mdogo. Baba Mdogo alikuwa anatazama mpira. Mimi nilikuwa namtazama kijana. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa kusema. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mpira ukaja, kijana akatokea mbele, akafunga. Kurudi, lori zima lilimwangukia Baba Mdogo. Marwa, muuza nyama, ambaye ndiye alikuwa mshambuliaji wetu, alisema, "Chacha, yule mtoto alikupita kama unauza karanga barabarani." Wakacheka mpaka daraja la Mara. Baba Mdogo alishika kingo za lori akatazama nje. Mimi nilikaa miguuni pake nikijua ninachokijua.

Bwana Komba alikuwa ameona. Siku iliyofuata aliniweka golini, akampanga Baba Mdogo mbele yangu, akasema kipa ndiye anayeuona uwanja wote, kwa hiyo kipa ndiye anayesema. "Mwambie aende wapi," akaniambia. Nikajikaza, nikasema, "Baba Mdogo, samahani, naomba kama inawezekana usogee kidogo upande wa kushoto." Nilipofika kwenye "inawezekana" mpira ulikuwa umeshapita kati ya nguzo nyuma yangu. Marwa alikaa chini kwa kucheka. "Mwita, mwandikie barua," akaniambia. Mwingine akajibu, "Na kuandika kwenyewe hajui." Hapo ndipo Bwana Komba alipokosea. Alipandisha sauti yake ile ndogo akasema, mbele ya watu wote, kwamba uwanjani hakuna baba wala mtoto.

Maneno hayo yalifika kwa wazee kabla jasho letu halijakauka. Waliketi naye kwenye ukuta wa josho, na mzee mmoja akamwambia, "Bwana Komba, ng'ombe wetu umewatibu vizuri, tunakushukuru. Watoto tuachie wenyewe." Akaomba radhi, na aliomba vizuri, kwa kuinama. Lakini baadaye alinivuta pembeni akaniambia bila hasira kwamba ananipa mechi mbili. Nikiendelea kunyamaza, golini ataingia Gati, mtu mzima, ambaye mikono yake ilikuwa kama chujio lakini mdomo alikuwa nao. Sikulala vizuri siku zile. Goli lilikuwa kitu changu cha kwanza duniani. Shule nilikuwa nimeiacha, ng'ombe hawakuwa wangu, nyumba haikuwa yangu. Zile nguzo mbili za mti zilikuwa zangu.

Mechi ya kwanza kati ya hizo mbili nilinyamaza, tukabahatika kutoka suluhu. Ya pili ilikuwa nyumbani. Ulikuwa msimu wa kulima, na asubuhi ya siku hiyo mimi na Baba Mdogo tulikuwa tumelima tangu alfajiri, yeye ameshika plau nyuma, mimi ninatembea kando ya maksai na fimbo, nikiwaelekeza kwa sauti. Maksai mkubwa tulimwita Meja. Basi jioni, tukiongoza moja bila, nikamwona mtu anazunguka nyuma ya Baba Mdogo, kama ilivyokuwa Kisaka, na sauti ikanitoka kabla sijaichagua. Ilikuwa sauti ile ile ya shambani. "Kushoto, Meja! Ingia! Ingia!" Na Baba Mdogo, ambaye masikio yake yalikuwa yameisikia sauti hiyo asubuhi nzima, akaingia kushoto. Mguu wake ukaufikia mpira kwa ncha ya kiatu, ukatoka nje.

Halafu watu wakaelewa. Nimeona vicheko vingi maishani, lakini kama kile sijaona. Wazee walishikana mabega. Marwa alilala chali katikati ya uwanja, mwamuzi akamwuliza kama ameumia. Baba Mdogo aligeuka akanitazama, akatazama sana, kisha akarudi mahali pake. Tukashinda. Bwana Komba akanipiga bega akasema nimepona, golini ni pangu. Mimi nilikuwa nafikiria nyumbani. Nilikuwa nimemwita mtu aliyenilea ng'ombe, ng'ombe wa kazi tena, mbele ya kata nzima, na sijatahiriwa.

Nilizunguka mtoni mpaka jua lilipokaribia kuzama, lakini ng'ombe lazima wakamuliwe, nikarudi nikasimama mlangoni mwa zizi kama kawaida. Akaja. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kukamua, bila kunitazama. Maziwa yaligonga kibuyu muda mrefu.

"Leo ulimwona yule mtu nyuma yangu," akasema.

"Nilimwona, Baba Mdogo."

"Na yule wa Kisaka?"

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa. "Nilimwona."

Akaacha kukamua. "Ulimwona mapema?"

"Mapema."

"Ukanyamaza." Aliinamisha kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe. "Mimi nimetembea na aibu hiyo mwezi mzima, nikijiuliza kama macho yangu yamekufa. Kumbe wewe ulikuwa na jibu mdomoni." Akaendelea kukamua, kisha akasema, "Kuanzia leo, sema. Uniite ng'ombe, uniite mbuzi, lakini sema. Hapa nyumbani ukiniita Meja nitakuchapa." Akasimama kwa kushika nguzo ya zizi, akachukua kibuyu chake. Akiwa mlangoni akaongeza kwamba siku nikimwona hafai tena, nisimwache Bwana Komba amtoe, wala nisimwache Marwa amcheke. Nimtoe mimi.

Tulianza kushinda. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na wanaume wenye wake wakasogea kushoto na kulia kwa neno langu, na wazee wakazoea. Hata mzee yule wa josho alisema kwamba mtoto anayeshika kamba dume likigeuka humwambia mzee yeyote "toka," na hakuna anayeita huo ukosefu wa adabu. Bwana Komba aliacha kuhubiri akabaki kufundisha. Tukafika mechi ya mwisho, nyumbani, na Kisaka wale wale. Wao sare iliwatosha kuchukua dume. Sisi ilikuwa lazima tushinde.

Asubuhi ya siku hiyo nilimwona Baba Mdogo akiinuka kitandani kwa hatua tatu: mkono ukutani, goti moja, halafu la pili, na la pili likakataa mara mbili. Mchana nilimfuata nyuma ya josho alikokuwa akifunga viatu. Harufu ya dawa ilikuwa kali, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wameogeshwa siku hiyo. Nilisimama pale mpaka akaniuliza ninataka nini. Nikamwambia, "Baba Mdogo, leo usicheze."

"Kwa nini?"

"Goti. Yule kijana wao wa kushoto atakupita siku nzima, na mimi kelele zangu hazitakufikisha."

Alifungua kamba za viatu alizokuwa amemaliza kuzifunga, tundu moja moja. Kisha akaenda kwa Bwana Komba akamwambia ana homa. Sijawahi kumwona akiongopa kabla ya siku ile wala baada yake. Akaketi na wazee kwenye nyasi, amejifunika koti katika jua, ili homa iaminike.

Kijana wa kushoto hakufanya kitu, beki tuliyemweka alikuwa na mbio. Tulikuwa tunaongoza. Dakika za mwisho wakapiga kona, mpira ukaja juu, polepole, pale hasa ambapo kichwa cha Baba Mdogo kingekuwapo. Hapakuwa na kichwa chetu. Wakasawazisha, wakaondoka na dume letu kwa kamba, linakojoa njia nzima. Na watu wote, Marwa akiwa wa kwanza, wakasema, "Angekuwapo Chacha." Walisema hivyo mwaka ule na miaka iliyofuata. Wamesema mpaka kwenye mazishi yake. Yeye hakucheza tena, na hakumwambia mtu kwamba hakuwa na homa. Kama nilikosea au nilipatia sijui hata leo. Ningemwacha acheze, huenda tungelila dume, au huenda angepitwa mara nne akamaliza kwa kuchekwa. Ninachojua ni kwamba alizeeka akisikia jina lake likitajwa pamoja na masikitiko ya lile dume, na nikimtazama pembeni nilikuwa naona kama inampendeza.

Siku hizi vijana wa Gorong'a wana nyavu, wana jezi, wana kocha mwenye cheti, na makipa wao wanatukana mabeki kwa lugha tatu, ya Kenya ikiwemo. Sina neno nao. Mimi nakaa Turwa, nina mashine mbili za kusaga na trekta niliyonunua bila kuomba mtu, na ninaiendesha mwenyewe. Nina watoto saba, wote wamesoma kuliko mimi, wote wananiheshimu. Mwaka jana nilipitisha jembe juu ya mihogo ya jirani, wakasema ni giza. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwaka huu niligonga nguzo ya geti langu mwenyewe, wakasema fundi aliiweka vibaya. Niliwaangalia mmoja mmoja mezani, watu wazima, nikaona wameona.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeshawasha trekta, Bhoke, binti yangu wa mwisho, akaja akasimama mbele ya gurudumu. Akanisalimia shikamoo kwanza, nikaitika. Halafu akasema, "Baba, teremka. Huoni." Nilimwambia maneno mabaya ambayo sitayaandika. Nikalima, nikarudi, nikakaa siku tatu bila kuzungumza naye, na chakula chake nikala kwa hasira. Siku ya nne asubuhi nikamwita, nikampa ufunguo, nikamwambia watu wakiuliza aseme nina homa.