Nilimwambia Fundi Kwamba Nilisimama

Alhamisi, fundi asiye na kosa ataitwa mbele ya chifu kwa kuharibu pikapu ya mke wangu. Aliyeiharibu ni mimi. Na shahidi wa kumshtaki ni mimi.

Mke wangu hununua ndizi Mahoo na kuziuza Voi. Pikapu ni yake, kuukuu, aliinunua kabla hatujaoana. Siku aliyoenda matanga Mbololo alinituma peke yangu.

"Mshale wa joto ukipanda, simama," alinionya.

"Na ndovu wakija?"

"Waambie unangoja injini ipoe."

Nilipopita Salaita mshale ulipanda. Niliona kinyesi kibichi cha ndovu barabarani. Niliogopa, jamani. Niliendelea kukanyaga mafuta hadi mvuke ukafunika kioo na injini ikazima yenyewe.

Pikapu ilivutwa hadi Voi. Fundi akaniuliza, mke wangu akiwa pale: "Baba, ulisimama ama uliendelea kuiendesha ikichemka? Usinifiche. Kama ulisimama, tubadilishe gasketi tu, ile inayoziba kichwa cha injini. Kama uliendelea, kichwa chenyewe kimepinda, na kwa gari ya umri huu ningewaambia muiuze vyuma."

Mke wangu alinitangulia: "Huyu? Mwoga huyu, ananiogopa kuliko ndovu, lazima alisimama."

Walicheka. Nami nikasema, "Nilisimama."

Hata hivyo fundi alitaka kichwa cha injini kipelekwe Mombasa kupimwa kama kimepinda. Mke wangu akakataa. "Si amesema alisimama?" Nilikuwa nimeegemea ukuta, nikiwasikia wote wawili.

Aliuza mtamba aliopewa na mama yake ili gari itengenezwe. Haikumaliza mwezi. Ilimfia Maktau na mzigo mzima, maji yameingia kwenye oili ikawa nyeupe kama chai ya maziwa. Ndizi ziliiva zikaoza. Sasa hana gari, hana mtamba, na wateja wake wamezoea kununua kwingine.

Anaamini fundi alimwekea gasketi kuukuu. Amemshtaki kwa chifu, amewaambia wanawake wote wa soko, na gereji ile imebaki tupu.

Wewe unayesoma, fundi akikuuliza uliifanya nini gari, mwambie ukweli hata kama utachekwa. Mimi nilikwepa kicheko, na sasa sioni pa kutokea. Nikisema, namvunja mke wangu. Nikinyamaza, namzika fundi.

Jana fundi alinipigia simu. "Baba, ulikuwepo. Alhamisi waambie tu vile ilikuwa."

Nilikata simu. Mke wangu ameshanipigia pasi shati la Alhamisi.