Riwaya Iliyodaiwa Udhu

Juma lililopita, nikiwa foleni kwenye ofisi ya mizigo hapa Kasongo, kifurushi cha mama mmoja kilifika kimepasuka, na kitabu cha Kiarabu kikachungulia nje. Karani akaacha kutafuna karanga, akakipokea kwa mikono miwili, akakigusisha paji la uso, kisha akakiweka juu kabisa ya kabati, kama tulivyofundishwa sote Waislamu wa mji huu.

"Mama, uko na udhu?"

"Sina. Unipatie kitabu yangu."

"Hii ni kitu ya Mungu. Nitaituma kwa imamu."

"Papa, ile ni roman, hadithi ya kutunga tu! Mwandishi ni mwanamuke, angali muzima. Kwao walikataza kitabu yake ya kwanza, akaandika hii."

"Kwa Kiarabu?"

"Sasa Waarabu wanagombana na mashemeji kwa luga gani?"

Mama akapanda juu ya gunia la mpunga, akakitwaa mwenyewe, akafungua katikati na kutufasiria kwa sauti: mjane anatupa barabarani viatu vya shemeji aliyekuja kumrithi, kimoja kimoja, majirani wakitazama. Akakitia kikapuni.

"Sina udhu, na nitasoma. Mutafanya nini?"

Alipofika mlangoni, karani akamkimbilia. Nikajua vita imeanza.

"Mama, ngoja kwanza. Ule shemeji alirudi kuokota viatu?"

Tumeyabusu maandishi yale vizazi na vizazi, mikono safi. Siku ile ndiyo kwanza nikaona mtu akiyauliza: na kisha?