Kibao Shingoni mwa Nekesa

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na wewe uliyeshika chaki juzi tu ukinisikia nikifoka, ujue najifokea mwenyewe kwanza.

Nilikuwa mwalimu mchanga Kibera, darasa la pili, shule ya mabati. Tulikuwa na kitu tukikiita diski: kibao kidogo chenye kamba, anavikwa shingoni mtoto aliyeponyokwa na lugha ya kwao, akae nacho mpaka apatikane mwingine. Samaki mkunje angali mbichi, tulijiambia. Mimi nilikunja hadi nikavunja.

Nekesa, msichana aliyetoka Bungoma muhula uo huo, alisimama kusoma. Akaona picha ya kuku, uso ukamng'aa.

"Ingokho!" akasema kwa sauti.

Darasa likacheka, nami nikamvika kibao. Alikaa nacho hadi kengele ya jioni. Tangu siku hiyo hakufungua tena mdomo darasani.

Wiki ya tatu akanijia nyanya yake, muuza sukuma wiki karibu na mtaa wa Ayany. Hata salamu hakunipa.

"Mwalimu, huyu mtoto alikuwa anasoma hata karatasi ya kufunga mandazi. Saa hii amenyamaza tu. Kwani kuku si ni ingokho?"

Kabla muhula haujaisha jamaa zake wakamrudisha mashambani. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hajawahi kuniacha, kwa maana sauti ya Nekesa sikuisikia tena.

Sasa wewe! Juzi nilikuja Kawangware kuliona darasa lako, nimejaa fahari, nikakuta mtoto amevikwa kibao kama kile. Kosa lake? Eti ameona picha ya chapati akasema "chapo"! Na vitabu vya hadithi umevifungia kabatini visichafuke. Ni vya kusomwa ama ni vikombe vya wageni? Nilikasirika, bado nimekasirika, na radhi siombi.

Sikiliza basi. Mtoto akikuletea neno la nyumbani, lipokee, liandike ubaoni, kando yake uweke la Kiswahili na la Kiingereza. Anayekosea mwache amalize sentensi. Kabati lifungue leo. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa si hasara. Mwacha mila ni mtumwa, nawe hukuajiriwa kuwatia watoto utumwani.

Mungu akubariki, mwanangu. Akujalie darasa lenye kelele za kusoma, hadi majirani waje kulalamika.